Gitaa la Nyuma

Pale saluni walimwita Mama Kanda, kwa sababu ya kanda zake za muziki wa dansi wa miaka ya tisini zilizojaa kwenye kopo la biskuti chini ya kioo. Ukikaa kwenye kiti chake kusukwa, utake usitake, utasikiliza bendi.

"Hawa watu wanaimba robo saa nzima kuomba msamaha mmoja!" muuza mitumba mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alimtania. "Si wangemfuata tu nyumbani kwake?"

"Nyie wa siku hizi mnaachana kabla wimbo haujaisha," alijibu Mama Kanda, vidole vikikimbia kichwani. "Wenzenu walikuwa na subira. Kila chombo kilingoja zamu yake. Hebu funga mdomo usikilize."

Watu walicheka. Sababu ya kuzing'ang'ania kanda hizo hakuwaambia. Katika wimbo mmoja, baada ya kiitikio cha pili, gitaa la nyuma lilikuwa la kaka yake. Halikujigamba, lilitembea tu taratibu chini ya waimbaji, na yeye alisuka kwa mwendo huohuo. Kaka alifariki kwa homa bintiye bado ananyonya. Binti huyo ndiye sasa aliyekuwa akiosha nywele hapo saluni, na mpaka wakati huo alikuwa hajaonyeshwa lipi ni gitaa la baba yake.

"Siku tukiwa peke yetu nitakuonyesha," shangazi alimwahidi. "Si katikati ya makelele haya." Lakini saluni ikiwa tupu, alishika ufagio, akaahirisha.

Halafu redio ya kaseti ikala mkanda wenye wimbo huo. Ulitoka umejisokota kama rasta zilizofumuliwa, na fundi alipouona akatikisa kichwa tu. Tangu hapo Mama Kanda akawa hataniwi tena. Ukiusema vibaya muziki wa zamani, alikuchania nywele kwa hasira.

Asubuhi moja redio ya duka la jirani ikapiga wimbo, na binti akaja mbio kutoka kwenye beseni. "Shangazi! Si ule wimbo wa baba?"

Ulikuwa wenyewe. Msanii kijana alikuwa ameurudia. Muuza mitumba alitikisa mabega kitini. "Kumbe mtamu hivi! Leo umetushinda, Mama Kanda."

Vidole vya Mama Kanda vilisimama. "Njoo hapa, mama," alimwambia binti. "Baada ya kiitikio cha pili, usimsikilize anayeimba. Sikiliza aliye nyuma."

Kiitikio cha pili kikapita. Ikaingia ngoma ya mashine, na yule kijana akajitaja jina. Kinanda kikalia tin-tin. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Binti alisimama amekumbatia taulo lililolowa, amefumba macho, anatabasamu. "Ndiyo huyo anayelia tin-tin, shangazi? Ndiyo baba?"

Mama Kanda akaukaza msuko.

"Ndiyo huyo, mama. Huyohuyo."

"Alikuwa anajua," binti akasema, akajifuta macho kwa lile taulo.

"Mbona umeacha kusuka?" muuza mitumba akalalamika, akijishika kichwa. "Na umenivuta."

"Mstari umepinda. Ngoja niufumue."

Akafumua polepole. Wimbo ukaisha, tangazo la sabuni likaingia, naye bado anafumua.