Tepe ya tatu kwenye kanzu ya Owino

Wakuu, hamjambo huku ndani.

Jana kuna mtu aliweka picha ya askari akauliza ile mistari ya V kwenye mkono inaitwaje, na ina kazi gani. Watu wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hiyo mistari nusura iniingize kwenye ndoa ya uongo. Nitawaambia yote kama yalivyokuwa. Jina la mwanaume tu ndilo nimebadilisha.

Inaitwa tepe. Kwa askari, tepe moja, mbili, tatu, cheo kinapanda hivyo. Ukiona tatu, huyo ni sajenti, shikamoo umpe mapema.

Lakini huku kwetu ziwani tepe si za serikali peke yake. Kuna makanisa ya ngoma na bendera, yale yanayopiga gwaride barabarani Jumapili, na waumini wao wana vyeo. Tepe zinashonwa kwenye mkono wa kanzu.

Sasa twende Nyalenda, mtaa wa Kisumu, mwanzo wa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaanga samaki kando ya njia, nimepanga chumba changu, sina mtu. Owino alikuwa fundi wa baiskeli hapo karibu. Mpole, msafi, anasema asante hata ukimpa chumvi. Aliniambia yuko single na nyumbani kwao ni kule mbele ya Katito.

Mimi kushuku nimezaliwa nako. Mwanaume wa umri wa kuoa, peke yake, na vifungo vyote vya shati vipo? Nani anamshonea?

Lakini nilimpenda, wacha niseme ukweli.

Kila Jumapili alienda kwao kanisani, akarudi jioni. Mambo yalipokuwa serious akaanza kuniletea kanzu yake Jumamosi nimfulie. Kanzu ya bluu iliyopauka, tepe tatu nyekundu mkononi. Nikamuuliza hii ya tatu alipewa kwa nini.

"Ni ya ngoma," akasema. "Mimi napiganga ngoma mzuri kuliko wote."

Jibu lilikuja haraka mno. Nikaliweka moyoni.

Wakati huo alikuwa ameshasema Desemba analeta wazee wake kwa baba yangu. Baba alikuwa anafurahi mpaka anaimba akichunga ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa silali vizuri.

Jumamosi moja nimeenda soko la Otonglo kununua nyanya, nikakuta mama anayeniuzia amevaa kanzu ya bluu ile ile. Kumbe ni kanisa moja, tawi tofauti! Nikamuuliza kama mtu asiye na haja: mwanaume wa tepe tatu kwenu ni nani?

"Huyo ni mwenye boma," akasema. "Hiyo ya tatu si ya kupewa tu, nyathina, mwanangu. Mtu akioa, bibi yake ndio anaishona, na mkono yake mwenyewe. Bibi akikufa, wazee wanaing'oa mpaka aoe tena."

Nyanya nilizilipia nikazisahau palepale.

Jioni nikamwambia Owino nimesikia habari ya tepe. Aliinamisha kichwa, akasema ndiyo, alikuwa na mke, akafariki zamani, aliona uchungu kunieleza.

Mtu mwingine angelia naye. Mimi nilingoja aende, nikaishika ile kanzu dirishani. Tepe mbili za chini zilikuwa na uzi uliofifia. Ya tatu uzi wake ulikuwa mwekundu wa juzi. Mimi sikuwahi kuigusa na sindano.

Marehemu gani anashona?

Jumapili nikajifunga leso kichwani, nikaenda Katito, nikauliza kanisa la ngoma. Walikuwa wanakuja na gwaride, Owino mbele anapiga, jasho linamtoka. Nikajificha nyuma ya akina mama waliokuwa wakingoja langoni, nikaomba maji ya kunywa.

Aliyenipa alikuwa mama wa rika langu, mtoto mgongoni. Nikamsifu yule mpiga ngoma.

"Huyo ni baba ya hawa watoto," akasema, kisha akanisogelea. "Lakini nikuambie, dada. Siku hizi anakuja na kanzu imefuliwa mpaka inang'aa. Ati kuna dobi Kisumu. Juzi nimerudishia tepe yake ilikuwa imelegea, nikasikia inanukia sabuni ya mwanamke. Huyo dobi, mimi simwamini."

Nilimrudishia kikombe na mikono miwili, nikaondoka. Ningemwambia nini pale mbele ya watu?

Wakuu, mke wa pili kwetu si habari mpya. Angekuja na ukweli ningekaa nifikirie. Kilichoniuma ni kumzika mtu aliye hai, anayekushonea nguo. Nililia njia nzima, na hasira ikanishika.

Jumamosi iliyofuata akaleta kanzu kama kawaida. Nikafua, nikaanika, nikapiga pasi. Halafu nikachukua wembe nikafumua tepe ya tatu, polepole, nisichane kitambaa. Chini yake bluu haikuwa imepauka, ikabaki V ya bluu iliyokoza inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Nikaikunja mkono ukiwa ndani, nikaweka kwenye mfuko wake. Akasema asante.

Alienda kuivalia hukohuko kanisani, gwaride limeshapangwa.

Nyalenda hakurudi. Vyombo vyake alitumwa mtu avichukue. Mama wa nyanya, niliyekuwa nimemweleza yote, ndiye aliyenisimulia: wazee walimsimamisha mbele wakamuuliza mkewe amekufa lini, na mkewe amesimama pale na mtoto. Wakampa mkewe sindano na tepe mpya aishone. Akakataa. Owino akaendelea kupiga ngoma na tepe mbili na ile V.

Kisha mama wa nyanya akanipa salamu alizotumwa na yule mke wa Katito: "Mwambieni yule dobi wa Kisumu, safari hii amefua vizuri."

Nilichojifunza: mtu akikujibu haraka, kaangalie uzi wake. Anayejua tepe za makanisa ya kwao zina maana gani aandike hapa chini, na mnaosema nilikosea kufumua, semeni pia. Ile tepe bado ninayo.