Kidole Gumba cha Isangi

Nilikuwa na hasira kabla sijaketi. Mkuu wangu wa idara, mtu mzima aliyenifundisha kazi ya mto tangu nikiwa mwanafunzi, alinisukumia ripoti yangu juu ya meza. Alikuwa amezungushia sentensi moja kalamu nyekundu. Ilisema kwamba wanawake wa Isangi hupima matundu ya mitego yao kwa kidole gumba.

"Mama, ondoa hii kintu ya kidole," alisema. "Bailleur iko anataka kipimo yake. Andika banamama balikubali ile ya plastiki, bon, tunapata mwaka ya pili, unaendelea na kazi yako."

Mwaka wa pili wa mradi ndio uliokuwa roho yangu. Bila bailleur, yaani wafadhili, hakuna mafuta ya boti, na bila boti hakuna utafiti wa kamba wa mto, wale tunaowaita kosakosa, ambao kila msimu wanazidi kuwa wadogo katika soko la Kisangani. Mkuu alilijua hilo, ndiyo maana aliongea kwa upole.

Vipimo vya plastiki nilivibeba mimi mwenyewe hadi Isangi. Vilikuwa vyekundu, vimechapwa namba, vinapendeza. Nia ilikuwa njema. Wanawake wa kule husuka migono, mitego ya fito za kekele, mtambaazi mgumu wa msituni, na matundu yakiwa mapana kamba wachanga hutoka wakakue. Niliporudi baada ya mwezi nilivikuta vinatumika kukwangulia masufuria. Kwa kweli vinakwangua vizuri.

Aibu ilikuwa yangu, si yao. Katika maswali yangu ya kwanza niliuliza wanatumia chombo gani kupimia. Wote wakajibu hakuna. Nikaandika "hawana kipimo" na kupiga mstari chini yake, kwa fahari ya mtu aliyesoma. Baadaye siku moja niliketi jikoni kwa mjane mmoja msukaji, aliyewahi kuuza samaki Kisangani na kukishika Kiswahili chetu. Nikaona kila baada ya fito mbili anachomeka kidole chake kidogo cha mwisho kwenye tundu, anakizungusha, kisha anaendelea.

"Mama, unafanya nini na kidole?"

"Napima."

"Mbona mulisema hamuna kipimo?"

Alinitazama kwa huruma. "Uliuliza chombo. Mukono yangu iko chombo?"

Akanieleza kwamba mama yake alipima kwa kidole gumba. Kamba walipopungua wakubwa, wasukaji wakashuka kidole kwa kidole, hadi wakafika kwenye hiki kidogo. "Nyuma ya hiki tutapima na nini? Na lukucha?" Alicheka. Mimi sikucheka. Akawaita wenzake, wakabishana kwa Lingala na kwa lugha yao hadi sauti zikakauka, na wengi wakakubali kurudi kwenye gumba. Mmoja alikataa katakata. Alisema watoto wake wanakula leo, si msimu ujao.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Milimita pia niliziweka, maana nilipima vidole vile vyote kimoja kimoja. Kilichowakera wakubwa ni kwamba kipimo kilikuwa cha wanawake, na vya plastiki, pamoja na mabango na kofia za semina, havikuwa na kazi.

"Papa, siondoi," nilimwambia mkuu.

"Alors, tutakosa mwaka ya pili."

"Tukose. Siwezi kudanganya juu ya mikono ya bale bamama, kisha nirudi kwao nikule samaki yabo."

Akanitupia methali ya shuleni, kwamba mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Mimi ni mtoto wa Waislamu wa Maniema. Nikamwambia kwetu Idi inakuja kila mwaka. Alitabasamu kidogo, kisha akatia sahihi ripoti ilivyokuwa, akiguna.

Majibu yalikuja kwa barua fupi: mradi hautaendelea. Nililia, tena ofisini, mlango wazi. Nilipomaliza kulia nilinunua nafasi kwenye mtumbwi wa wafanyabiashara, nikateremka mto hadi Isangi nimekalia gunia la chumvi, kwa pesa yangu.

Mjane yule nilimkuta na mgono mpya mapajani. Hakuniuliza habari za wafadhili. Alinielekezea tundu lililokuwa bado wazi.

"Weka yako."

Nikachomeka kidole gumba changu. Kikapita, kikacheza ndani, nafasi ikabaki pande zote.

"Yako iko nyembamba, ya kushika kalamu," akasema, akachukua ufito mwingine. "Wewe usipime. Sisi tunapima. Wewe andika."

Nikafungua daftari jipya, nikaandika.