Fundi Nusu: Aliyegawa vyumba vya wenzake, leo agawa chake

Saa mbili asubuhi, Fundi Nusu amepiga magoti katikati ya chumba chake, penseli sikioni, anapima sakafu. Mama yake mzazi amekaa kitandani anamtazama.

"Mwanangu, huo mstari si umepita kwenye godoro langu?"

"Umepita, mama."

Jina lake halisi majirani wamelisahau. Kazi yake, kwa miaka sita sasa, ni kugawa chumba kimoja kiwe viwili kwa ukuta wa plaiwudi. Tangu viwanda vipya vifunguliwe, watu wanamiminika mtaani kama siafu, na nyumba ni zilezile. Anakadiria amegawa vyumba mia sita. Kila ukuta unamlipa chakula cha siku tatu, nne akijinyima.

Jumapili mwenye nyumba wake alibisha hodi, tabasamu limefika masikioni. Chumba hiki cha mita tatu kwa tatu kigawanywe. Fundi abaki na nusu, kodi ileile. Dirisha liende kwa mpangaji mpya, kwa sababu ataongeza hela.

"Akaniambia, 'Si wewe ndiye fundi? Jifanyie bei ya ndugu!' Nikacheka naye. Alipoondoka nikalia."

Alizunguka siku nne akitafuta pengine pa kuhamia. Kila alikoingia alikuta nusu chumba.

"Nilikuwa nikitazama ukuta naitambua misumari yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndugu yangu. Nimeingia."

Saa saba ukuta umesimama, umenyooka, maana huyu bwana hajui kufanya kazi mbovu hata anapojiumiza. Upande wake ni giza. Kitanda kimeingia kwa kubanwa, godoro la mama limegoma. Vumbi la mbao halina pa kutokea, na mama ana pumu. Anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Inahuzunisha kumsikia.

Jumamosi dada yake Fundi atakuja kumchukua mama, ampeleke anakoishi yeye, safari ya saa sita kutoka kliniki anakotibiwa. Hakuna aliyelitaka hilo.

Wiki ijayo halmashauri itasikiliza maoni kuhusu nyumba za kupanga: ukubwa wa chini wa chumba, dirisha kwa kila mpangaji, na kiwanja cha kujenga nyumba ambazo kibarua anazimudu. Fundi Nusu ameandikisha jina.

"Nitasimama niseme, mimi ndiye niliyevigawa vyumba hivi. Pigeni marufuku."

"Wakipiga marufuku utakula nini?" mama anauliza.

"Nitaunda hata viti. Kazi hii ife, mama. Nikipata chumba kizima nakuja kukuchukua mwenyewe."

Mama anakunja shuka lake taratibu, analiweka juu ya begi.

"Usikawie, mwanangu," anasema. "Pumzi zangu haziwezi kungoja vikao."