Nilivaa Gambuti, Dada Akashika Kioo

Mkono wa dada yangu niliuharibu mimi. Si stima, si shetani, ni mimi! Nyumbani husema ilikuwa ajali, nami hunyamaza. Nimechoka kunyamaza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya umeme, niko nyumbani Kombewa bila kazi. Mjomba wangu wa Kisumu akaniletea laptop yake, kioo kimekuwa giza. "Injinia, itengeneze hii, nikupeleke kwa mkubwa wangu akupe kazi."

Siku tatu sikulala vizuri. Nilijua kwamba nyuma ya kioo kuna sakiti ndogo inayopandisha nguvu ya betri hadi mamia ya volti ili taa iwake. Je, ikinipiga? Je, moyo ukisimama? Nikavaa gambuti za baba, buti za mpira zisizopitisha umeme. Nikatandika gunia kavu chini ya kiti. Mkono wa kushoto nikautia mfukoni, kama tulivyofundishwa, umeme usije ukapita moyoni.

Lakini mkono mmoja hautoshi! Kioo kilichofunguliwa lazima kishikwe. Nikamwita dada yangu, fundi wa cherehani, aliyekuwa uani akitoa samaki magamba. Akaja miguu mitupu, mikono ikidondosha maji.

"Injinia, hii kitu si itanirusha?" akacheka. "Mbona wewe umevaa kama unaenda kupanda mpunga?"

"Ni betri tu, dada. Shika."

Betri tu! Betri ile ile iliyoninyima usingizi! Niliogopa kwamba nikimweleza, atakataa.

Nikawasha. Kidole chake chenye maji kikagusa waya wa taa. Akapiga yowe, kioo kikamponyoka. Stima yenyewe ilimwachia alama ndogo tu, kama ya sigara. Lakini alikidaka kile kioo kabla hakijafika sakafuni, kwa sababu alijua kazi yangu imo humo. Kikavunjikia kiganjani, kikamkata mshipa unaokunja kidole gumba.

Kidonda kilipona. Kidole hakikujikunja tena. Sindano haishiki, na cherehani yake imefunikwa shuka.

Hakunigombeza hata siku moja. Ila asubuhi moja alizitazama zile gambuti mlangoni, akauliza polepole, "Omera, ndugu yangu, zilikuwa pea moja tu?"

Ole wangu!

Wewe unayefungua mitambo nyumbani, kabla hujamwambia mtu "shika hapa", tazama miguu yako, kisha tazama yake. Na kama unaogopa, mwambie unaogopa!