Radio Iliyoonyesha Matumbo Yake

Harufu ya soudure, ile risasi inayoyeyushwa kuunganisha nyaya, ikinipata barabarani, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Siku hizi mafundi wa simu wamejaa kila kona ya Kolwezi, kila mmoja na kimeza chake na ule moshi mwembamba unaonukia utomvu wa mti ulioungua. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya mmoja wao anibadilishie kifuniko cha simu, kile cha plastiki angavu, kilichokuwa kimegeuka manjano kama mawese. Akanishauri nichukue cheusi, kwa kuwa cheusi hakionyeshi uchafu. Nilikataa. Ngoja niwaeleze ninyi kwa nini, maana yeye alikuwa na wateja wengi na hadithi yenyewe inataka mtu aliyekaa.

Tulikuwa tunaishi Musonoi, nje kidogo ya Kolwezi, karibu mno na shimo la mgodi, na vumbi jekundu lilikuwa mtu wa nyumbani. Lilikula nasi, likalala nasi. Baba alikuwa mchimbaji. Siku moja alirudi na radio ya betri ambayo ganda lake lote lilikuwa angavu kama chupa ya maji. Ndani ulikiona kila kitu: kibao cha kijani, matone ya risasi yakimeremeta, spika ikitetemeka kila mara mtu alipoimba, na juu ya kijiti cheusi, waya uliozungushwa mara nyingi, mwembamba kama unywele, wa rangi ya wekundu uliokolea. Baba alituita sote, akauonyesha ule waya wa shaba, mukuba kama tunavyoiita, kwa ukucha wake uliojaa udongo.

"Muone, batoto. Ile njo mukuba yetu. Miaka yote mi nachimba, sijue inaendaka wapi. Kumbe inaendaka kuimba!"

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi tangu siku ile niliipenda radio ile kuliko mdoli wowote. Nililala kifudifudi sakafuni nikiitazama, hata ilipokuwa imezimwa.

Mama hakuipenda. Lazima mjue kwamba Musonoi hakuna kitu kilichokaa sebuleni bila napron, kile kitambaa cheupe cha kufuma kwa kroshe. Viti vilikuwa na napron, termosi ilikuwa na napron, na televisheni yetu iliyokufa zamani ilivaa napron ndefu kuliko zote, kama bibi arusi. Mama alikuwa fundi wa kazi hiyo, na kwake nyumba nzuri ni nyumba iliyofunikwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, basi, wageni hawana haja ya kuijua.

"Hii kitu haina na haya," alisema. "Mugeni anaingia tu, inamuonyesha matumbo yake."

Akaifumia napron. Baba akirudi kutoka kazini, jambo la kwanza: "Tosha napron, mama. Acha batu baone." Kwetu tosha ni toa. Mama akaiondoa. Baba akitoka, mama akairudisha. "Bataona nini? Vumbi?" Na kusema kweli, hapo alikuwa na haki. Radio ya kawaida ikiingiwa na vumbi, nani anajua? Hii yetu ilijaa vumbi kule ndani ambako kitambaa hakifiki, na kila mkwaruzo wa nje ulionekana kutoka mlangoni. Niliwaona wote wawili wana haki, lakini hilo si neno la mtoto kulisema mezani, kwa hiyo nilikula bukari yangu, ule ugali wetu, nikanyamaza.

Kisha ikaja habari kwamba kaku, mama yake baba, ni mgonjwa sana huko Kasaji. Baba akapanda treni. Wakati huo hatukuwa na simu, na kule kwa kaku hata mtandao haukuwepo; habari zilipitia kwa mapadri, wakazituma kwenye radio ya Kolwezi, nayo ikazisoma kila magharibi katika matangazo. Akiondoka, baba alituambia, "Mangaribi mufungule radio. Nitawatumia habari."

Tukaifungulia kila magharibi. Tangazo letu halikuja. Mama alicheka na majirani, akaimba akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mambo iko muzuri. Nilimwamini kabisa.

Akina mama wa shirika letu la kanisa wakapanga kuja kumwombea kaku, kisha wabaki kusikiliza matangazo pamoja nasi. Siku hiyo mama alisugua nyumba tangu asubuhi. Alipoinua napron kupangusa mezani, akaliona vumbi lile ndani ya radio, jekundu, limetanda kila mahali. Akaleta kisu cha jikoni, akafungua ganda, akasafisha matumbo yote kwa kitambaa chenye maji, kwa nguvu zile zile za kusugulia sufuria. Alipoifunga, iling'aa. Hata mimi nilimsifu.

Wakaja, wakasali, wakaimba. Wakati wa matangazo ulipofika, mama akawasha. Radio ikafanya *shhhh*. Akazungusha kitufe kutoka mwisho huu hadi mwisho ule: *shhhh* tupu.

Mama Présidente, kiongozi wa shirika, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, akasimama. "Twende kwa jirani, haraka!"

Mama akatikisa kichwa. Kwetu habari ya kilio huipokei nyumbani kwa mtu. Ukiipokea huko, utaanza kulia kwenye kiti kisicho chako. Na matangazo, sote tulijua, huanza na vifo.

Nikalala kifudifudi pale pale miguuni mwa akina mama, kama kawaida yangu. Jua la magharibi lilikuwa linaingia mlangoni, likapita ndani ya radio moja kwa moja. Kwenye kijiti cheusi, ncha moja ya waya ilikuwa inaning'inia hewani, haigusi tone lake la risasi.

"Mama," nikasema, "kanywele ka mukuba kamekatika."

Akapiga magoti, akatazama. Akachukua sindano yake ya kroshe kwenye kikapu, akaichomeka katika makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, pale maji ya chai yalipokuwa yakichemka. Akaikwangua ncha ya waya kwa wembe. Mama Présidente akashika ganda, wengine wakaacha kupumua. Mikono ile ilikuwa imekamata nyuzi kwa sindano maisha yake yote, na huu nao ulikuwa uzi. Sindano ya moto ikaligusa tone, likayeyuka, moshi ukapanda, ile harufu ikajaa sebuleni, na sauti ya mtangazaji ikaturukia.

Alikuwa anasoma habari ya mbuzi aliyepotea. Vifo vilikuwa vimekwisha kupita.

Mama Présidente akafanya ishara ya msalaba. Kila mmoja alikuwa anajiuliza kama jina la kaku lilikuwa miongoni mwao. Likaja tangazo la kwaya, likaja la baiskeli iliyookotwa. Nilimshika mama mkono. Kisha:

"Mama Godelive wa Musonoi anajulishwa na bwana yake, Tata Muteba, kule Kasaji: mama mzee amepata nafuu, anakula bukari. Bwana yake atarudi na treni ya kwanza."

Vigelegele vikapaa. Mama hakupiga. Alikaa sakafuni akalia kwa mdomo wazi, makamasi yakimtoka, mbele ya shirika zima, na hakujifunika uso. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Niliogopa, halafu nikafurahi, halafu nikalia pia.

Baba aliporudi aliliona kovu la kahawia kwenye ganda, pale sindano ya moto ilipogusa. Akauliza nani ameunguza. "Mi," mama akajibu. "Acha batu baone." Ile napron ikahamia kwenye redio-kaseti ya shangazi, nayo radio ikabaki wazi, na vumbi lake na kovu lake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama aliifungua radio ile kwa sababu ya macho ya wageni. Mwaka jana mwanangu, ambaye sasa ni mzima na anavunja vyombo, alilazwa hospitalini, nami nikajikuta jikoni nikisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa na hofu tangu treni ilipoondoka, na mikono yake ilikuwa inatafuta kazi.

Simu ikalia wakati ule ule. Alikuwa mama.

"Mutoto eko namna gani?"

"Eko muzuri, mama," nikasema kwa sauti ya kuchangamka.

Hakudanganyika.

"Tosha napron, mwana yangu."

Nikakaa chini, sufuria mapajani, nikamweleza yote.