Salamu Wakati wa Kupima Presha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya vijijini upande wa Ipinda, mganga mfawidhi aliniketisha mbele ya mashine ya presha, ile ya kujaza upepo kwa mkono. "Binti," akasema, "salamu zote ziishe kabla hujamfunga mgonjwa mkanda wa mkononi. Mtu akiongea, presha hupanda." Akanionyesha: mgonjwa apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote sakafuni bila kukunjwa nne, mkono wazi juu ya meza, usawa wa moyo. Nilishika yote.

Nikahamishiwa ziwani, jirani na Lyulilo, kisha nikaletwa mjini. Foleni zikawa ndefu, nami nikajiona mjuzi. Tena kwetu huwezi kumshika mtu mzima mkono ukakaa bubu. Utaonekana huna adabu. Basi nikawa nafunga mkanda huku namsalimu kwa kilugha, "Mugonile, mama," naye anaanza kujibu: wajukuu, mpunga, msiba wa jirani. Namba niliiandika hivyo hivyo.

Mama Tumpe, mkazi wa Mbugani mwenye shamba la kakao, alinunuliwa na mwanawe mashine ya kupimia nyumbani. Akaniletea daftari: asubuhi mara mbili, jioni mara mbili, namba zote ndogo kuliko zangu.

"Nesi, nikiwa nyumbani presha iko sawa."

Ilitakiwa nimwambie aje na mashine yake tuilinganishe na yetu. Badala yake nikasema, foleni nzima ikisikia, "Mama, hicho kidude cha dukani kisikudanganye." Watu wakacheka. Daktari akafuata namba zangu, akamwongezea vidonge vya kushusha presha. Wiki haikuisha, Mama Tumpe aliinuka kitandani asubuhi, kizunguzungu kikamwangusha, akavunjika nyonga.

Muuguzi kiongozi aliniita ofisini. "Ulimpima akiwa ametulia, kimya?"

"Ndiyo," nikajibu.

Nimestaafu na uongo huo. Waliniaga kwa keki na kitenge, na kile kitenge mpaka leo naona aibu kukivaa. Ninyi mnaoanza kazi mnaniita mwalimu wenu, nami nainamisha kichwa.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda Mbugani. Mama Tumpe sasa anatembelea fimbo. Hakunisuta. Alinipa kiti chenye egemeo, akauliza kama nimetoka kunywa kahawa, tukakaa kidogo, kisha akanifunga mkanda. "Nawe umezeeka, nesi. Tukupime."

Sikuweza kuvumilia. "Mama Tumpe, ile siku muuguzi kiongozi aliponiuliza..."

"Nyamaza," akasema. "Mashine inapima."

Nikanyamaza, machozi yananitiririka. Ilipomaliza, akasubiri kidogo, akapima mara ya pili, akaandika namba zote mbili daftarini kwa mwandiko wake wa taratibu. Kisha akanifungua mkanda na kuweka kalamu chini.

"Haya. Sema sasa."

"Daftari lako lilikuwa sahihi, mama," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyedanganya."