Nyumba ya Bei ya Kutupa

Benki ya Gaborone iliniuliza Mbinga iko wapi. Benki ya nyumbani ikaniuliza mshahara wangu uko wapi. Mkopo sikupata huku wala kule. Nilikuwa muuguzi ugenini, na mama yangu kule kijijini Matiri alikuwa amevimba miguu. Nilitaka nyumba mjini Mbinga, karibu na hospitali, aache kuhangaika na milima kila anapofuata dawa. Tukacheza upatu sisi Watanzania wa pale kazini, zamu yangu ikafika, nikamtumia baba fedha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja aliyejitosa kununua kahawa serikali ilipowaruhusu watu binafsi. Bei ikaporomoka ghala lake likiwa limejaa. Sasa alikuwa anauza upesi, kwa bei ya kutupa. Nikamwagiza baba alipe siku hiyohiyo asije mtu akatuwahi.

Lakini baba yangu hajawahi kununua hata mbuzi bila kwanza kula kwa mwenye mbuzi. Akavaa koti la kanisani, akabeba kuku na ndizi, akamchukua na mama. Jumapili nikapiga simu dukani Mbinga, walikokuwa wananisubiri.

"Mwenye nyumba hakuwepo," baba akasema. "Tulimkuta mkewe anapaka chokaa chumba cha nyuma. Kuona koti na kuku, akapiga vigelegele, akamwita binti yake aje atuamkie."

"Kwa nini?"

"Alidhani tumekuja kuposa. Akaniuliza kijana wetu anafanya kazi gani. Nikamwambia muuguzi."

Nilicheka. Baba hakucheka.

"Hajui kama nyumba inauzwa, mwanangu. Anapaka chokaa. Anasema mavuno haya ataongeza jiko. Tukala, tukamwambia tumepita kusalimia tu, tukaondoka. Fedha yako ninayo."

Hasira zikanipanda. Nilimwambia wazi kwamba mambo ya mtu na mkewe hayatuhusu, kwamba atakuja mwingine asiyejua aibu na atalipa palepale. Nikauliza kama huruma yake itambeba mama mgongoni hadi hospitali.

Mara nikasikia sauti ya mama.

"Usimgombeze baba yako. Mimi ndiye niliyesema twende zetu. Yule mama alinitolea kiti, akaniwekea miguu kwenye maji ya moto, akaikanda mwenyewe. Leo nikamtoe nje nilale chumbani kwake? Tafuta nyingine. Miguu itangoja."

Nilimpenda mama yangu wakati ule kuliko siku nyingine yoyote, na nilitamani kumpigia kelele. Nikamuaga tu, nikaweka simu chini.

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi wangu, nikaomba aniongezee zamu, kwa kuwa nyumba ambayo mama yangu angekubali kulala ndani yake haingekuwa ya bei ya kutupa.